Sindano, Uzi na Kamusi: Historia ya Kanzu ya Kike ya Unguja kwa Mkono wa Mshonaji

1.0 Utangulizi



Nianze kwa kukiri kosa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mmoja wa wasomaji wa mswada wa kamusi. Kazi niliyopewa ilikuwa kupendekeza vidahizo vya kupunguzwa, kwa sababu kitabu kilikuwa kimevuka idadi ya kurasa zilizopangwa. Nilipofika kwenye maneno yanayotaja sehemu za kanzu, yaani badani, taharizi, kikwapa, sijafu, kaba na mengineyo, nilichukua kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Ya kale. Yaondolewe." Sikusita. Nilikuwa sijawahi kuyasikia katika mazungumzo, na hoja yangu ilikuwa kwamba kamusi ya lugha hai haipaswi kubeba majeneza.

Baadaye, umri uliponipunguzia kazi za ofisini, nilianza kushona kwa mkono. Sikuanza kwa nia ya utafiti. Nilitaka shughuli ya jioni isiyohitaji miwani ya kusomea maandishi ya wanafunzi, nikachagua jambo lililokuwa likinivutia tangu ujana: kushona kanzu ya kike ya Unguja ya karne ya 19 pamoja na suruali yake ya marinda, bila cherehani, kwa jinsi nguo hizo zilivyoshonwa kabla mashine hiyo haijaenea. Haukupita muda nikajikuta nakwama, na kila nilipokwama nilichokikosa kilikuwa ni neno. Maneno niliyoyakosa yalikuwa yale yale niliyoyakata kwa wino mwekundu.

Katika mhadhara huu ninakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, nitapitia kwa ufupi historia ya nguo katika pwani yetu hadi kufikia kanzu hiyo. Pili, nitaonesha jinsi msamiati wa ushonaji ulivyohifadhi tabaka za historia. Tatu, nitajadili kile ambacho mkono wa mshonaji unaweza kumfundisha mwanaleksikografia, na pia kile ambacho msamiati wenyewe unakificha.

2.0 Nguo za Pwani kabla ya Karne ya 19

Ifahamike tangu mwanzo kwamba watu wa pwani hawakusubiri majahazi ya kigeni ili wajue uzi. Katika magofu ya Kilwa na miji mingine ya kale wanaakiolojia wamefukua vigurudumu vidogo vya kusokotea pamba, vingi vikiwa vimechongwa kutoka katika vigae vya vyungu vilivyovunjika. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anasimulia kuwa Mogadishu ilifuma vitambaa vilivyopelekwa hadi Misri. Yeye mwenyewe alipewa huko mavazi ya heshima: kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, mavazi ya juu na kilemba.

Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika kuhusu Waislamu wa Sofala kwamba walifuma pamba nyeupe, lakini kwa kuwa hawakuwa na rangi za kutilia nyuzi, walinunua vitambaa vya buluu kutoka Cambay nchini India, wakavifumua, kisha wakazichanganya nyuzi zile na za kwao na kufuma upya. Pate nayo ilijulikana kwa hariri zake. Kwa hiyo tangu zamani fundi wa pwani hakuwa mpokeaji tu wa bidhaa. Alikipokea kitambaa cha mgeni, akakifumua, akakifuma kwa namna yake. Nitarudi kwenye taswira hiyo, kwa sababu lugha yetu nayo imefanya hivyo hivyo.

Vitenzi vya msingi vya kazi hii ni vya Kibantu: kusokota, kufuma, kushona, kupinda, kukata. Kimojawapo kimepitia njia ya kuvutia. Katika Kiganda kitenzi okutunga maana yake ni kushona, na katika Kizulu ukuthunga ni kushona pia. Kiswahili kinacho kitenzi hicho hicho, kutunga, lakini kwetu kazi ya kushona ilichukuliwa na kitenzi kingine, na kutunga kukabaki na ushanga, samaki na maua: vitu vinavyopitishwa katika uzi kimoja baada ya kingine. Kutoka hapo kikapanda hadi kwenye mashairi na vitabu. Kila tunapomwita mtu mtunzi, tunamwita kwa jina ambalo kwa jamaa zetu wa Buganda ni la mshonaji.

3.0 Kanzu, Kaniki na Hadhi katika Unguja ya Karne ya 19

Mwaka 1833 Seyyid Said bin Sultan alitiliana saini mkataba wa biashara na Marekani. Meli kutoka Salem, Massachusetts, zikaleta shehena za kitambaa cha pamba kisichopaushwa, imara na rahisi, nazo zikarudi na pembe za ndovu, gundi ya sandarusi na ngozi. Kitambaa hicho kikaitwa merikani au amerikani, kikaenea kutoka bandarini hadi maziwa makuu na kutumika hata kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipokausha chanzo chake, viwanda vya Uingereza na baadaye vya Bombay vilichukua soko, lakini jina halikubadilika. Lilikwisha kuwa la Kiswahili.

Merikani na kaniki, yaani kitambaa kilichotiwa rangi nzito ya nili, vilikuwa mavazi ya watumwa na maskini. Mwanamume alijifunga kiunoni, mwanamke akajifunga juu ya matiti, chini ya makwapa. Kufunika kichwa kwa kofia au shela kulikuwa alama ya uungwana, na watumwa walizuiwa kufanya hivyo. Kwa upande mwingine wa ngazi walikuwako mabibi wa nyumba kubwa. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na kuondoka Unguja mwaka 1866, anaeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, akiwa tayari Emily Ruete, kuwa vazi la mabibi wa jumba la mfalme lilikuwa na sehemu tatu za msingi: kanzu, suruali na kitambaa cha kichwani. Picha yake maarufu, iliyopigwa Hamburg akiwa amevaa mavazi ya kwao, inaonesha jinsi suruali ilivyoachwa ionekane chini ya kanzu. Marinda, yale makunjo mengi ya miguuni, yalikuwa fahari ya suruali ya namna hiyo.

Hali ikaanza kubadilika mwishoni mwa karne. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, mabadiliko hayo yalionekana upesi katika nguo. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Unguja baada ya utumwa, ameonesha kwa kina jinsi waliokuwa watumwa walivyoiacha kaniki na kuvaa kanga, kanzu, kofia na baadaye buibui, ili wasitambulike tena kwa nguo kuwa watu wa kuamrishwa. Kanga yenyewe, kwa mapokeo yanayosimuliwa pwani nzima, ilianza kwa sindano: wanawake walinunua leso zilizochapwa ambazo hazijakatwa, wakachukua kipande cha leso tatu, wakakishona na kipande kingine cha leso tatu, wakapata shuka moja ya leso sita. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza vitambaa vilivyochapwa tayari kwa ukubwa huo. Mpaka leo Mombasa wengi huiita leso, neno lililotokana na Kireno lenço, ijapokuwa haina tena mshono katikati.

4.0 Mkono Unapoanza Kuuliza

Sasa niwapeleke mezani kwangu. Nilikuwa na bafta ya rangi ya zafarani, mkasi, sindano nyembamba, subana na mtajo wa sehemu za kanzu nilioukusanya kutoka katika kamusi za zamani. Msamiati huo umehifadhiwa na watu kama A. C. Madan katika kamusi yake ya mwaka 1903 na Frederick Johnson katika ile ya mwaka 1939, iliyotolewa chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Walisikiliza mafundi wa wakati wao, nasi tuna deni kwao.

Kanzu ya zamani haikukatwa kwa kufuata umbo la mwili. Ilikatwa kwa kufuata kitambaa. Fundi alichukua kipande kirefu, akakikunja katikati mabegani, akatoboa tundu la shingo: hiyo ndiyo badani, na kwa kuwa imekunjwa, haina mshono begani. Kwa kuwa badani ni nyembamba, mvaaji asingeweza kupiga hatua. Kwa hiyo kila ubavu uliongezewa taharizi, yaani vipande vya pembetatu vilivyo vyembamba juu na vipana chini. Hapa ndipo nilipoanza kumheshimu fundi wa kale. Ukichukua mstatili mmoja na kuukata mshazari kutoka pembe hadi pembe, unapata taharizi mbili, wala hakibaki hata kitambaa cha kufutia miwani. Vazi zima hukatwa namna hiyo, kwa sababu kitambaa kilikuwa ghali kuliko muda wa mshonaji.

Mikono ilikuwa mistatili iliyopunguzwa kidogo kuelekea kiganjani. Niliiunganisha na badani kwa bandi kwanza, yaani hatua ndefu za muda, kisha kwa mshono wa kudumu wa hatua fupi. Nilipomaliza kuunga ubavu wote wa kulia nikaivaa, nikanyoosha mkono kuchukua kitabu katika rafu ya juu. Nguo nzima ikapanda pamoja na mkono, na chini ya kwapa nikasikia sauti ambayo kila mshonaji anaijua. Mshono wa jioni tatu ulikuwa umeachia.

Nilikuwa nimeacha kikwapa. Nilikuwa nimelisoma neno hilo, nikaliona ni kiambishi cha udogo ki- pamoja na nomino kwapa, nikadhani ni jina tu la mahali: pale nguo inapopita kwapani. Kumbe ni kipande. Ni mraba mdogo wa kitambaa unaowekwa kipembe kati ya mkono, badani na taharizi. Kitambaa kilichofumwa hakivutiki kwa urefu wala kwa upana wake, lakini kikivutwa mshazari hulegea. Kikwapa kikiwekwa kipembe, mvuto wa mkono unaoinuliwa humwangukia yeye kwa mshazari, naye hunyumbuka, nguo ikabaki mahali pake. Kazi yote ya kuruhusu mkono uswali, upike, ubebe mtoto na upunge kwaheri imo katika kipande kisichozidi kiganja.

Nilikaa na ile nguo iliyochanika mapajani kwa muda mrefu. Nilikuwa nimelichambua neno kimofolojia bila kosa hata moja, na bado nilikuwa sijui maana yake. Tena nililikuwa nimelipendekeza liondolewe katika kamusi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilikuwa nimehukumu vilivyomo mvunguni nikiwa nimesimama wima.

5.0 Tabaka za Msamiati

Baada ya hapo niliyasoma upya maneno yale, safari hii kwa mpangilio wa kazi badala ya alfabeti. Mpangilio huo ukadhihirisha jambo ambalo orodha ya kamusi hulificha.

Vitendo, kama nilivyosema, ni vya Kibantu. Majina mengi ya sehemu za vazi ni ya Kiarabu: badani inatokana na badan, mwili, sijafu, ule ukingo unaokunjwa ndani, inatokana na sijāf, pindo au ukingo wa pazia. Majina ya vitambaa na mapambo mara nyingi yana asili ya Kiajemi au Kihindi, hata pale yalipopitia Kiarabu: bafta, kwa Kiajemi kilichofumwa, zari, uzi wa dhahabu, kutoka zar, dhahabu, melimeli, kitambaa chepesi cha India. Suruali ni neno la Kiarabu ambalo Waarabu wenyewe walilipata kwa Waajemi. Kastabani, jina jingine la subana, nalo lina safari kama hiyo. Hivyo tunapata picha iliyo karibu kuwa sahihi mno: mkono ni wa nyumbani, umbo la vazi ni la ng'ambo ya Bahari ya Hindi upande wa Arabuni, na kitambaa ni cha Gujarati.

Hata hivyo, naomba tahadhari. Picha safi humshawishi mtafiti aache kuuliza. Chukueni neno kaba, kitambaa cha ndani kinachoimarisha shingo ya kanzu. Fundi mmoja mzee niliyezungumza naye alinieleza kwa yakini kwamba linatokana na kitenzi kukaba, kwa kuwa hukaba shingo. Maelezo hayo yanaingia akilini, na yana ladha. Lakini Kiarabu kina neno qabba, lenye maana ya ukosi wa nguo, na maadam majirani zake kama badani na sijafu ni ya Kiarabu, yamkini kaba nalo lilikuja katika kundi hilo. Je, fundi alikosea? Kuhusu asili, nadhani alikosea. Kuhusu maisha ya neno, hapana. Wasemaji waliposikia kukaba ndani ya kaba, walilipa neno geni ukoo wa nyumbani, na huenda ndiyo sababu halikuwapotea. Walifanya kama wale wafumaji wa Sofala: walilifumua na kulifuma tena kwa nyuzi zao.

Kipo kisa kingine kinachoonesha kwamba neno linaweza kusahaulika kwao likaishi ugenini. Kamusi za zamani zina neno mrera, jina la mshono wa mapambo wa uzi wa rangi katika kanzu. Nimewauliza washonaji kadhaa wa pwani. Wengi hawalijui, nao husema tu darizi au nakshi. Sasa nendeni Buganda. Wafanyabiashara kutoka pwani walifika katika ikulu ya Kabaka Ssuuna katika miaka ya 1840, na kanzu ikafuata njia hiyo mpaka ikawa vazi la heshima la mwanamume wa Kiganda, lisilokosekana katika sherehe za kumtambulisha mchumba ukweni. Kanzu hiyo hutambulika kwa nakshi yake ya rangi ya damu ya mzee shingoni na kifuani. Waganda huiita nakshi hiyo omulela. Mwanafunzi wa fonolojia atatambua mara moja kuwa kubadilishana kwa r na l si kikwazo. Neno ambalo sisi tuliliandika "la kale" linatamkwa huko kila kunapokuwa na harusi.

Vivyo hivyo kwa kofia ya kushonwa kwa mkono, yenye vitundu vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Oman leo huitwa kumma na ni sehemu ya vazi la taifa, lakini ushonaji wake una uhusiano wa karibu na Unguja na pwani ya Afrika Mashariki, na familia zilizohamia huko baada ya mwaka 1964, na wengi zaidi baada ya mwaka 1970, zilikwenda na ujuzi huo vidoleni.

6.0 Cherehani na Maneno Yaliyoondoka

Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake ya kushonea mwaka 1851, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 mashine za namna hiyo zilikuwa zimeanza kusikika katika barabara za miji yetu. Kiswahili hakikuchukua jina la Kiingereza. Kilisema cherehani, neno linalohusiana na charkh, gurudumu kwa Kiajemi, kama lilivyo cherehe la kunolea visu. Mashine ya Marekani ikaingia lugha yetu kwa mlango wa Bahari ya Hindi.

Sina nia ya kuililia sindano. Cherehani imelisha nyumba nyingi, imesomesha watoto, na imewapa wanawake wengi kipato chao wenyewe. Mtu anayeshona kwa mkono leo kwa kujifurahisha, kama mimi, anafanya hivyo kwa sababu halali kwa kazi hiyo. Jambo ninalolisema ni la kileksika. Cherehani ilikuja na ukataji mwingine, unaofuata bega na kwapa la mvaaji, na vazi jipya likaja na maneno yake: gauni, blauzi, sketi, kola, zipu. Nguo inayokatwa kwa kufuata mwili haihitaji kikwapa wala taharizi, na kitu kisichohitajika hakitajwi. Maneno yale hayakufa kwa uzee. Yaliachwa na vitu vilivyokuwa vikiyatuma kazi.

7.0 Yale Ambayo Vazi Linaficha

Ndugu wasikilizaji, ningeweza kuishia hapo, nikawaonesha kanzu yangu, mkaisifu. Lakini ipo hoja iliyonisumbua kuliko kile kikwapa.

Nilipomaliza kanzu, baada ya saa zaidi ya 90 kwa hesabu ya daftari langu, niliamua kushona na vazi la mwanamke wa upande wa pili wa ngazi ile. Nilinunua kitambaa cha rangi ya nili, nikakaa na sindano. Nikapinda ncha mbili zisifumuke. Kazi ikaisha kabla ya adhana ya magharibi. Hakuna badani, hakuna taharizi, hakuna kaba. Nilifungua daftari la istilahi niandike majina ya sehemu zake, nikaona sina cha kuandika zaidi ya kitambaa na upindo.

Hapo ndipo nilipotambua kuwa leksikoni nayo ina matabaka. Tunaposifu utajiri wa msamiati wa mavazi ya Unguja, tunausifu utajiri wa maneno ya waliokuwa na nguo zenye sehemu. Na sisi tunaopenda kushona mavazi ya kihistoria tuna tabia moja: hatuna hamu ya kushona kaniki. Sote tunataka hariri ya binti wa mfalme. Lakini hariri ile haikujishona. Katika nyumba hizo kubwa, kazi ya mikono ilikuwa ya mabibi wenyewe na vilevile ya wajakazi wao. Wapo wanawake waliokaa wamejifunga kaniki, na mikononi mwao wakashika taharizi ambayo wasingeruhusiwa kuivaa. Walilijua neno kikwapa kwa vidole. Huenda ni kutoka vinywani mwa watu kama hao maneno haya yalifika masikioni mwa watunga kamusi wa kwanza, maana wengi wa waliosaidia wamisionari katika kazi zao za lugha walikuwa watu waliokombolewa utumwani. Kamusi imehifadhi neno, haikuhifadhi jina la aliyelisema.

Kwa hiyo kulifuta neno kama kikwapa si kuondoa tu kidahizo kilichochakaa. Ni kufuta alama pekee ya ujuzi iliyobaki ya watu ambao hawakuachiwa nafasi ya kuacha alama nyingine. Mimi nilikuwa tayari kuifuta ili kuokoa nusu ukurasa.

8.0 Hitimisho

Desemba 25, 2020 sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lile lilijengwa mwaka 1883 na lilikuwa makumbusho ya utamaduni wa Waswahili. Tukio hilo lilitukumbusha kuwa hata jiwe na chokaa havidumu bila matunzo. Nguo hudumu muda mfupi kuliko jiwe, na ujuzi wa mkono hudumu kwa umri wa mtu mmoja usiporithishwa.

Ninatoa mapendekezo matatu, yote ya gharama ndogo. Kwanza, mwanaleksikografia anapofafanua istilahi za ufundi, aketi na fundi, na ikiwezekana aijaribu kazi kwa mkono wake, hata akiiharibu. Pili, wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wasidhani kwamba msamiati wa jadi umekwisha kukusanywa. Mkusanye majina kutoka kwa washonaji wa kofia wa Unguja, Pemba na Lamu wakiwa kazini, maana fundi akiulizwa maneno nje ya kazi hukumbuka nusu. Akiwa na sindano mkononi, vidole humkumbusha zilizobaki. Tatu, ulinganishi wetu uvuke mipaka. Neno lisilosikika tena Unguja tulitafute Kampala na Maskati kabla ya kuliandikia hati ya kifo.

Nami nimeanza kulipa deni langu. Nimeandika upya fasili ya lile neno nililolikata, na nimeipeleka kwa wanaohusika. Naisoma hapa mbele yenu ili mnisahihishe:

"Kikwapa: kipande kidogo cha mraba cha kitambaa kinachoshonwa kipembe chini ya mkono wa kanzu, kati ya badani, taharizi na mkono, ili mvaaji aweze kuinua mkono bila nguo kupanda wala kuchanika."

Wanafunzi wenye kumbukumbu nzuri watauliza kama sasa najua kwamba fasili hii ni sahihi. Naam, najua. Kanzu ninayo, nimeivaa, na kile kitabu cha rafu ya juu nimekichukua.